Mama anasema "sijambo" huku anang'ata kanga: tunaouguza nyumbani tuambiane ukweli

Binti wa Ujiji:

Wanajamvi, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nauleta kwa wanaouguza mgonjwa nyumbani, hasa ugonjwa wa muda mrefu, na kwa ndugu zao walio mbali ambao kila jioni wanapiga simu kuuliza hali.

Niseme mapema ninachokilenga. Majumbani mwetu mgonjwa anaficha maumivu ili asimchoshe anayemuuguza, na anayeuguza anaficha uchovu ili asimvunje moyo mgonjwa. Wote wawili wanasifiwa kwa subira. Wageni wakitoka wanasema mama yule ana imani, na binti yule ana moyo. Huku nyuma kuna maumivu ambayo yangeweza kutulizwa, ila hakuna aliyeyataja.

Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi. Iligundulika ikiwa imeshakwenda mbali. Tulipewa rufaa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, tukasafiri kwa treni. Wanaoijua reli ya kati kutoka Kigoma mpaka Dar wanaelewa ninachosema: zaidi ya kilomita 1,200 na mgonjwa anayetoka damu, kwenye behewa lenye watu, unamzungushia kanga ili ajisitiri. Alipata mionzi, tukarudi nyumbani Ujiji. Daktari alituambia kwa upole kwamba kilichobaki ni kumtunza asiumie. Maneno ni mepesi hayo. Ukishafika nyumbani, uko peke yako na mgonjwa, beseni, sabuni na usiku.

Kila asubuhi nilikuwa namuuliza, "Umeamkaje mama?" Jibu lake: "Sijambo mwanangu, nimelala." Mama yangu ni mtu wa zamani, kwake kusema "naumwa" mbele ya mtoto ni kumtwisha mtoto mzigo. Mimi nafua kanga zake kila siku kwa sababu ya uchafu unaotoka. Siku moja naanika, nikaona pindo la kanga limetobokatoboka. Nikachukua nyingine, hivyo hivyo. Kila aliyokuwa analalia ilikuwa imetafunwa kwenye pembe, alama za meno zinaonekana kabisa, nyingine uzi umeshaanza kufumuka. Ndipo nikaelewa kwa nini usiku simsikii. Nalala chumba cha pili, mlango wazi, na yeye anajaza kanga mdomoni nisiamke.

Kuna muuguzi alinifundisha kitu kidogo sana ambacho kimebadilisha nyumba yetu. Alisema usimuulize mgonjwa "hujambo?", kwa sababu salamu ina jibu lake tayari. Mwambie aonyeshe kwa mkono. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja, maumivu kidogo. Vidole vitano, maumivu yasiyovumilika. Nikaenda kukaa kitandani kwake nikamweleza. Mdomo ulisema "sijambo", mkono ukainua vidole vinne.

Nililia, siwafichi. Lakini kesho yake nilikuwa na kitu cha kumwambia daktari. Badala ya kusema "mama anaendelea hivyo hivyo," nilisema ni vidole vinne usiku, vitatu mchana, na akiguswa kiuno ni vitano. Daktari akabadilisha dawa siku hiyo hiyo, akamwandikia mofini ya maji.

Hapo ndipo vita ya pili ilipoanza, ya ndugu. "Hiyo ni dawa ya kumalizia watu." "Mtamfanya mama wa watu kuwa teja." Mjomba wangu alitaka chupa ifichwe. Namheshimu mjomba wangu, lakini yeye halali chumba cha pili. Baada ya siku chache za dawa mama alilala mpaka adhana ya alfajiri, akaamka akaulizia supu ya samaki aina ya kuhe, na nilipoipika akasema nimezidisha chumvi. Nilifurahi kukosolewa kuliko nilivyofurahi siku nyingi zilizopita.

Sasa upande wetu sisi tunaouguza. Simu ya jioni inapigwa, naweka sauti kubwa. "Mama unaendeleaje?" "Alhamdulillahi." "Haya mama, Mungu ni mwema." Dakika mbili baadaye kwenye kundi la familia linaandikwa: "Nimeongea na mama, anaendelea vizuri sana." Yanafuata maua na mikono ya dua. Mimi nimekaa pale pale na beseni mkononi. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyesema kweli.

Wageni nao. Wanakuja na sukari na sabuni, Mungu awabariki, vinasaidia kweli. Ila wapo wanaokaa saa nzima wakisimulia jirani yao aliyekufa kwa ugonjwa huo huo, alivyokonda, alivyonuka. Mgonjwa anasikia! Na kuna wanaoingia na kufunika pua. Mama yangu, ambaye maisha yake yote hakutoka nje bila udi kwenye nguo, anaona mtu anafunika pua mbele yake.

Mwili ukichoka sana huruma inakauka, na hili watu hawalisemi. Humchukii mgonjwa. Unampenda vile vile, lakini saa nane usiku akiita kwa mara nyingine unasikia kitu kigumu kifuani, kisha unasikia aibu kwa kukisikia. Dawa yake ninayoijua ni mtu mwingine kushika zamu, wewe ukalale. Sifa haiondoi uchovu. Ukiniambia "Mungu atakulipa" nasema amina, halafu nakuomba ubaki na mama mpaka kesho asubuhi.

Naomba wenye uzoefu mchangie. Wauguzi, wake, waume, mawifi, watoto. Mliwezaje?

---

Mtoto wa Kibirizi:

Pole sana dada. Baba yetu aliondoka hivyo hivyo, kila mtu akisema mzee amevumilia. Leo nasoma habari ya kanga nakumbuka mto wake. Naendelea kufuatilia.

---

Mzee wa Mwanga:

Binti yangu, nimesoma yote. Pole, na Mwenyezi Mungu ampe mama wepesi. Lakini niseme kama mzazi. Sisi tulilelewa kwamba mtu akipewa mtihani anausubiri. Ukianza kuhesabu maumivu kwa vidole asubuhi na jioni, unamfanya mgonjwa ayafikirie maumivu muda wote. Na mtoto kusema hadharani kwamba amechoka kumuuguza mama yake, hata kama ni kweli, yana uchungu masikioni. Mama alikesha na wewe hukuwahi kumsikia akisema amechoka. Subira ni ibada, tusiivunje kwa kuiga mambo ya wengine.

---

Binti wa Ujiji:

Baba, shikamoo. Nakushukuru kwa kusema wazi, maana wengi wanafikiri hivyo na hawasemi.

Sipingi subira. Bila hiyo nisingefika hapa. Ila naomba tuangalie wale tunaowatolea mfano. Nabii Ayubu, ambaye Waislamu na Wakristo wote tunamtaja kwa subira, alimlilia Mola wake akasema wazi kwamba dhara limemgusa. Hakujifanya mzima. Nabii Yaakubu ndiye aliyesema subira njema, na ndiye huyo huyo aliyemlilia Yusufu mpaka macho yakaingia weupe. Hakuna aliyewaondolea daraja lao kwa sababu walilia. Mama yangu kung'ata kanga ili nisisikie, sidhani kama ndiyo subira tuliyoamrishwa, wakati dawa ipo kabatini.

Kuhusu kuhesabu kwa vidole: nilimuuliza mwenyewe kama namchosha. Alisema mwanzo aliona haya, sasa anaona ni nafuu kwa sababu hatafuti maneno. Halafu juzi akanigeuzia. Nimemaliza kumgeuza, nimekaa kwenye kigoda, akaniambia, "Na wewe nionyeshe mkono wako." Nikanyoosha vidole vitatu. Akanyamaza kidogo akasema, "Kesho mwite mdogo wako alale hapa." Kumbe alikuwa anajua siku zote nimechoka, na ananyamaza kwa sababu ninanyamaza. Hakuvunjika moyo kujua kweli. Alipata kazi ya kufanya kama mama, ya kupanga nyumba yake.

Ndiyo maana nimeandika huku, baba. Sio kumlalamikia mama.

---

Nesi Mstaafu, Tabora:

Niongeze nyama kwenye uzi. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nikaja kumuuguza mume wangu nyumbani, kwa hiyo naongea kwa pande zote mbili.

Mkono wa vidole ni kipimo kinachotumika kweli kwenye tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, hapa Afrika, sifuri mpaka tano. Mzee wangu wa Mwanga, hakimfanyi mgonjwa ayafikirie maumivu. Anayafikiria tayari. Kinachofanyika ni wewe kuyajua.

Kuhusu mofini, kwa sababu hofu yake inatesa watu wengi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa ngazi za dawa za maumivu ya saratani mwaka 1986, na mofini ya kunywa iko humo tangu hapo. Ile ya maji inafanya kazi kwa muda wa saa nne hivi. Ndiyo maana unaambiwa uitoe kwa saa zilizopangwa, usisubiri mgonjwa alie. Ukisubiri maumivu yarudi, itakulazimu kuyafukuza upya kila mara, na mgonjwa anaishi kwa hofu ya yanayokuja. Siku za mwanzo atasinzia sana. Sehemu ya usingizi huo ni deni la siku alizokesha, na kwa wengi unapungua baada ya siku chache. Ukitoa kama alivyoandika daktari, haimalizi mtu, na mgonjwa wa saratani anayetulizwa maumivu sio teja. Kitu ambacho ni hakika ni choo kigumu, na hicho hakiishi chenyewe. Mwambie daktari aandike dawa ya kulainisha choo siku ile ile anayoandika mofini. Nimeona wagonjwa wakiacha mofini kwa sababu ya choo tu, wakarudi kwenye kanga mdomoni.

Akisinzia kiasi kwamba hamwezi kumwamsha, au pumzi zikawa chache sana, hapo msingoje, mtafuteni daktari.

Harufu. Dada, hii inaua wagonjwa kabla ya ugonjwa, kwa aibu. Muulize daktari kuhusu metronidazo, kuna namna ya kuitumia ikapunguza sana harufu ya aina hiyo. Ni dawa ya kawaida kabisa, wala si ghali. Udi na manukato peke yake vinachanganyika na harufu na kuifanya nzito zaidi. Fungua dirisha.

Mgonjwa asiyejigeuza: kila baada ya saa mbili, ageuzwe. Ukiwa unamgeuza tazama kisigino, nyonga, na pale juu ya makalio kwenye mfupa. Vitabu vinasema tafuta wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mkono: tafuta sehemu ya moto zaidi, ngumu zaidi, au iliyokoza rangi kuliko jirani yake. Ukiipata, usiisugue wala usiipake spiriti. Iondolee uzito tu, asilalie hapo. Na tafadhali msiweke kata ya kanga chini ya makalio au kisigino. Najua inaonekana ni huruma, lakini duara lile linabana damu pembeni. Kisigino weka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kining'inie.

Halafu kwa wenye mabinti: chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani hii inatolewa nchini tangu 2018, na wanawake wazima mkapimwe shingo ya kizazi hata kama hamsikii chochote. Ikionekana mapema inatibika. Nimemaliza hilo.

---

Baba wa Gungu:

Mimi ni mwanaume namuuguza mke wangu, kiharusi, upande wa kushoto. Huwa siandiki humu, nasoma tu.

Wanaume hatuulizwi. Ukimwosha mkeo watu wanasema umelogwa, au wanakushauri uoe mwingine "akusaidie". Shemeji zangu walitaka kumchukua kwao, nikakataa. Tumekula wote miaka ya njaa.

Kuna jambo lilikuwa linatutesa. Alikuwa anakula nusu ya sahani, anasukuma. Ugali nusu, samaki wa mgebuka nusu. Kila mtu nyumbani tukawa tunasema hana hamu ya kula, anakata tamaa, na yeye alikuwa anakasirika kwamba tunampunja chakula. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipokuja akamtazama anakula, akanyanyua sahani akaigeuza. Mke wangu akaendelea kula mpaka ikaisha! Kumbe ule ugonjwa umefuta upande wa kushoto kichwani mwake. Kilichopo kushoto kwake ni kama hakipo. Alikuwa anatuambia kweli kwamba chakula kimekwisha, na sisi tunaona kipo.

Tangu hapo nikaanza kukaa upande wake wa kulia nikitaka kumsemesha jambo la maana, na mtu akija kumsalimu namwelekeza huko. Kushoto namzoesha taratibu, kama alivyoelekeza yule mtaalamu. Vingine alivyonifundisha: kumlisha akiwa amekaa wima, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo kingine, na asilale kwa nusu saa baada ya kula. Kagua shavu la upande uliolegea, chakula kinajificha humo. Na ule mkono usioweza usiuvute unapomnyanyua, bega linateguka.

Naandika haya kwa sababu hasira za mgonjwa mara nyingi zina sababu. Ukiona anarusha kikombe, tazama kikombe kwanza.

---

Kifungua Mimba, Dar:

Uzi huu umenigusa pabaya. Mimi ndiye yule wa kupiga simu jioni. Mama yuko Kasulu na mdogo wangu wa kike. Natuma hela kila mwezi, sijawahi kuruka. Likizo zangu ni fupi na nauli ni kubwa. Naulizeni kwa nia njema: mtu wa mbali afanye nini ambacho kitasaidia kweli?

---

Isevya:

Kaka, ngoja nikujibu mimi, niliyemuuguza mama mkwe. Mke wa kaka yenu. Mtu ambaye hata kwenye mkutano wa familia aliachwa jikoni wakati wanajadili mgonjwa anayemwosha yeye.

Hela inasaidia, endelea kutuma. Lakini ukipiga simu, anza na mdogo wako. Muulize amelala saa ngapi, amekula nini, mgongo unaumaje. Usimuulize mbele ya mama, atasema salama. Mpigie akiwa nje. Na umsikilize bila kumpa mawaidha, asije akajuta kufungua mdomo.

Pili, likizo hiyo fupi usije kama mgeni. Ninyi mkija mnachinjiwa kuku na aliyechoka ndiye anayepika. Njoo uchukue usiku. Mwambie mdogo wako aende kwa rafiki yake akalale huko, simu izimwe. Umwoshe mama yako mwenyewe kama mnaweza kustahiana, kama hamwezi mtafute shangazi au jirani akusaidie sehemu hiyo na wewe ufue. Ukishafua nguo zile mara moja, maneno ya kuandika kwenye kundi la familia yatabadilika yenyewe.

Tatu, lipia mtu. Tabora hapa unapata mama wa kufua na kuteka maji kwa kiasi ambacho ninyi wanne wa mjini mkichanga hakiwaumizi. Sisi tulikuwa tunaona aibu kuweka mtu wa kulipwa, eti watu watasema tumemtupa mama. Aliyekuwa anatupwa ni mimi.

Mama mkwe kabla hajafariki alinishika mkono akaniita mwanangu mbele ya mawifi. Nilimpenda. Lakini mgongo wangu mpaka leo haujarudi, na ningependa angalau mmoja wao angenipokea ndoo.

---

Kifungua Mimba, Dar:

Nimekusoma dada, kila neno. Nampigia mdogo wangu sasa hivi. Ahsante.

---

Mzee wa Mwanga:

Nimerudi kusoma. Binti wa Ujiji, hoja ya Yaakubu nimeipokea. Bado naona maneno ya ndani ya nyumba yana mipaka yake, hapo nabaki na mawazo yangu. Lakini mke wangu amesoma habari ya zamu za usiku, ameniambia wao akina mama wa mtaa wanaweza kupangana kwa wagonjwa watatu tulionao jirani, kila mmoja usiku mmoja. Kama mama hana kipingamizi na yuko upande wa kwetu, niandikie pembeni.

---

Mkazi wa Kaliua:

Samahani kuingilia. Nina mama mdogo kijijini, saratani ya titi, kidonda kimefunguka. Zahanati wanampa panado tu. Tutaanzia wapi? Kumbeba mpaka mjini kila mara hatuwezi.

---

Nesi Mstaafu, Tabora:

Pole. Mofini haitolewi zahanati, inahitaji daktari aandike. Fanyeni safari moja iliyoandaliwa vizuri kuliko nyingi za kubahatisha. Chukueni barua ya rufaa kutoka zahanati, pamoja na karatasi zote za zamani, hata zilizochakaa. Kabla ya kusafiri mpimeni kwa mkono siku kadhaa na mwandike kwenye daftari: saa, vidole vingapi, amekula nini, choo lini. Mkifika hospitali semeni wazi mnataka huduma ya tiba shufaa na dawa ya maumivu makali. Ulizeni siku hiyo hiyo kama ndugu anaweza kurudi kuchukua dawa peke yake akiwa na kadi ya mgonjwa na hilo daftari, ili asibebwe tena bila sababu. Gharama zikiwashinda, ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjaondoka, msirudi nyumbani kimya.

Kidonda kisafisheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, na kama kitambaa kimeganda kilowesheni kwanza, msikibandue kikavu. Dawa ya maumivu mpeni kama nusu saa kabla ya kuosha. Chupa ya mofini mkishaipata iwe mahali pa juu, ifungwe, watoto wasiifikie, na mtu mmoja tu ndiye awe anapima.

Ukikwama andika hapa hapa, naingia kila jioni.